Bi Pumzi Anaiaga Meza ya Miswada

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mkuu wa karakana yetu ya kuhifadhi miswada ya kale atavua aproni yake, ataitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, kisha atakwenda nyumbani. Safari hii Jumatatu haitamrudisha.

Katika faili lake la utumishi ana jina kamili, tena refu, na siku ya sherehe litasomwa lote. Lakini humu ndani, kuanzia getini hadi ofisi ya Mkurugenzi, anajulikana kama Bi Pumzi. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Yeyote anayeisogelea meza yake, awe mgeni wa serikali au fundi bomba, huambiwa kwanza abane pumzi, kwa sababu karatasi iliyozeeka ikipuliziwa na mtu aliyetoka kupanda ngazi huweza kuruka ikaenda inakotaka. Kuna mgeni mmoja mashuhuri aliyeitii amri hiyo kikamilifu. Bi Pumzi alikuwa akimwonyesha barua ya mfalme wa zamani, akanogewa na maelezo ya wino na nta, akamsahau kabisa. Alipogeuka, mgeni alikuwa ametumbua macho na mishipa ya shingo imemsimama. Alimruhusu apumue, akampa kiti, na ziara ikaendelea vizuri.

Mimi ninayeandika ni wa chumba cha picha. Karakana yake na chumba changu vinatenganishwa na ukuta mmoja, na kwa miaka yote hiyo tumekuwa tukigombana kwa upendo. Yeye hupenda giza na ubaridi, mimi kazi yangu ni mwanga. Huniita Bwana Jua. Kila nikija na taa zangu, husimama pembeni akiwa ameshika kiuno, anazihesabia dakika kama mama anayemngoja mtoto atoke majini. Kwa hiyo wahariri wa jarida hili waliponiomba nimwandikie wasifu, nilikubali upesi kabla hawajamwendea mtu anayemsifu tu.

Alipoajiriwa hakuwa mhifadhi. Alikuja kama mpiga chapa, msichana mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi, akakalishwa kwenye meza iliyokuwa karibu na mlango wa karakana. Mkuu wa karakana wakati ule alikuwa mzee mpole tuliyemwita Mzee Jalada, ambaye sasa ni marehemu. Wiki ya kwanza, Bi Pumzi aliona ukurasa wa kitabu cha kale umechanika, mzee ameuacha mezani akaenda kunywa chai. Akamwonea mzee huruma. Akatoa selotepu kwenye droo yake, akauziba ukurasa ule vizuri, akaulainisha kwa ukucha, akarudi kukaa huku anangoja kusifiwa.

Mzee Jalada aliporudi aliuinamia ukurasa. Hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba kwa kuwa ameuchukua ukurasa ule kutoka mikononi mwake, sasa ni wake, na autoe ule utepe bila kuondoka na herufi hata moja. Ilimchukua wiki nyingi, saa zake za chakula cha mchana zote, kwa pamba, dawa na kijisu kisicho na makali. Alipomaliza aliomba ahamishiwe karakana. Ofisi ilidhani ni mzaha. Mzee Jalada akaenda mwenyewe kumwombea, na baadaye akampigania apelekwe masomoni. Alirudi na cheti kizuri, ila mpaka leo ukimletea zawadi iliyofungwa kwa selotepu, hatakushukuru mpaka amalize kukuhutubia. Ndiyo maana zawadi zake za siku ya kuzaliwa humu ofisini hufungwa kwa uzi.

Karakana aliyoirithi ni chumba kirefu chenye madirisha yanayotazama uani, mapazia mazito, meza mbili pana, sinki la kunawia, na rafu za karatasi nyembamba kama utando wa yai. Harufu yake ni ya gundi ya wanga, ambayo huipika mwenyewe kwenye kisufuria kidogo na kuichuja kwa kitambaa. Wageni wengi huja wakitarajia kumkuta amevaa glavu nyeupe kama walivyoona kwenye televisheni. Huwakatisha tamaa. Glavu, husema, humfanya mtu awe na vidole vya mti, asihisi karatasi inapoanza kuchanika. Yeye hunawa, hukausha, hunawa tena, hukausha tena. Mume wake, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye sote tunamwita Shemeji, amekuwa akimenya vitunguu vya nyumba nzima tangu waoane, kwa kuwa mkewe hataki vidole vyake vifike kazini na harufu ya jikoni. Shemeji husema aliambiwa ni jambo la muda tu.

Kuna mengi ya kusimulia katika miaka hiyo. Aliwafukuza mchwa waliokuwa wameshakula rafu ya chini na kuanza kuinyemelea ya pili. Aliwafundisha wahifadhi wa mikoani, na wengine wao sasa ni wakuu wa vituo. Alishawishi ofisi inunue mashine ya kukausha hewa kwa kumkaribisha mhasibu akae karakana mchana wa masika, bila feni, mpaka mhasibu mwenyewe akaomba fomu ya kusaini. Lakini ukimuuliza mtu yeyote wa jengo hili Bi Pumzi ni nani, atakusimulia habari ya kitabu cha Mzee Sindano. Basi na mimi nitaisimulia, kwa sababu nilikuwepo.

Mzee Sindano alikuwa fundi cherehani, na bado ni fundi, ingawa sasa anashona akijisikia. Ana kibanda chake mtaa wa nyuma ya soko. Kitabu alichokuwa nacho kiliandikwa na nyanya mzaa nyanya yake, mkunga aliyesifika wakati wake, kwa mkono wake mwenyewe na kwa herufi za kale. Ndani yake mlikuwa na dawa za wajawazito, majina ya watoto aliowapokea, na mashairi aliyokuwa akiwaimbia kina mama uchungu unapowabana ili wapate la kushika. Vitabu vya wanaume wa enzi ile tunavyo. Cha mwanamke, tena mkunga, hatukuwa nacho hata kimoja.

Tatizo ni kwamba Mzee Sindano hakutaka kukitoa. Zamani mtu mmoja msomi aliazima kwake picha ya pekee ya baba yake, akaondoka nayo, asirudi. Tangu hapo kila aliyevaa viatu vilivyong'arishwa alijibiwa kwamba kitabu kimepotea. Wakubwa wetu wawili walikwenda kwa nyakati tofauti wakarudi na jibu hilo hilo.

Bi Pumzi alikwenda na gauni lenye mshono uliofumuka. Mzee alipomuuliza kama naye amefuata kitabu, alimjibu kuwa hakuja kukichukua, amekuja kukiamkia tu, na mzee akiona vyema amrekebishie gauni. Gauni likashonwa. Mwezi uliofuata likafumuka jingine. Mtaani watu wakaanza kusema kwamba serikali haiwavishi vizuri wafanyakazi wake. Katika ziara hizo alimweleza mzee asikiweke kitabu kwenye ukuta unaopata unyevu, akiondoe juu ya kabati lenye taa ya mafuta, akilaze badala ya kukisimamisha. Siku moja mzee alikifungua mbele yake. Mgongo wake ulikuwa umebanduka, kurasa za mwanzo zimeliwa pembe, na uzi umeoza. Mzee, ambaye ameshona maisha yake yote, aliupima ule uzi kwa vidole. Ndipo akamwambia akichukue akakitibu, kisha akirudishe. Bi Pumzi akampa neno lake.

Kitabu kilifika kwetu katikati ya wiki. Tukakipokea kama bibi harusi. Kikawekwa kwenye chumba cha mapokezi ya miswada, kwenye rafu safi, kingoje zamu yake.

Jumapili asubuhi bomba la choo cha ghorofa ya juu lilipasuka. Jengo lilikuwa tupu isipokuwa mlinzi, na mlinzi alikuwa getini. Alipoingia kufanya mzunguko wake alikuta maji yanateremka ngazi kama yana haraka. Akampigia Mkurugenzi, na Mkurugenzi akatupigia sote. Nilipofika nilimkuta Mkurugenzi mwenyewe amekunja suruali hadi magotini, anafagia maji kwa kipande cha mbao. Dari ya chumba cha mapokezi ilikuwa imejaa maji, imeshuka tumbo, kisha ikapasuka. Miswada iliyokuwa rafu za kati ilikuwa imelowa chapachapa. Wa Mzee Sindano ulikuwa mmojawapo.

Bi Pumzi alifika na Shemeji, bado wamevaa nguo za kwenda kutembelea ndugu. Alisimama mlangoni. Nimefanya naye kazi miaka mingi, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akibana pumzi yake mwenyewe. Kisha akavua viatu, akaingia, akaanza kutoa amri.

Kwa wasioifahamu kazi yetu, karatasi ikilowa huna muda. Siku mbili tatu tu katika joto letu, ukungu unaota, na ukungu ukiota kurasa hugandana zikawa kitu kimoja kama keki. Miswada iliyolowa ilikuwa mingi mno kukaushwa yote kwa mara moja. Lililobaki ni kuigandisha kwa baridi kali, ili ukungu usipate nafasi, kisha kuitoa mmoja mmoja na kuikausha kwa utaratibu. Friza lililokuwepo jengo zima ni lile dogo la chumba cha chai, nalo ndani yake mlikuwa na chupa ya maji ya mhasibu na kitu ambacho hakuna aliyekuwa tayari kukikiri.

Bi Pumzi akatoka pekupeku, akavuka barabara, akaingia duka la aiskrimu lililoko pembeni. Nilimfuata kwa kuwa sikujua anakwenda wapi. Mwenye duka alikuwa ndiyo kwanza amejaza mafriza yake matatu makubwa kwa ajili ya likizo ya shule. Bi Pumzi akamweleza yaliyotokea, bila kuzunguka, akamwambia anayataka mafriza yote, sasa hivi, kwa wiki kadhaa.

Yule bwana alimtazama miguuni, akatazama maji yanayotiririka kutoka mlangoni kwetu hadi mtaroni. Akauliza kama makaratasi hayo yana sumu. Akaambiwa hayana. Akauliza kama ni kweli kuna barua za wafalme ndani yake. Akaambiwa zipo, na pia kuna kitabu cha mkunga.

"Nyanya yangu alikuwa mkunga," akasema. "Leteni. Ila mnisaidie kuimaliza hii aiskrimu, maana haina pa kwenda."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumapili ile, upande mmoja wa barabara watu walikuwa wamepanga mstari wakipokezana miswada iliyofungwa katika mifuko ya nailoni, na upande wa pili wamepanga mstari wakipokezana vikombe vya aiskrimu. Binti mkubwa wa Bi Pumzi, muuguzi wa wodi ya watoto, alileta gari akabeba ndoo nzima nzima. Siku ile hakuna mtoto wodini aliyelia kwa sababu ya sindano. Sisi tuliobaki tulikula mpaka meno yakafa ganzi. Mkurugenzi alikula ya vanila akiwa bado na suruali magotini, na kuna picha yake niliyoipiga, ambayo ameniomba nisiitoe katika toleo hili. Nimekubali. Sikuahidi kuhusu ukuta wa ukumbi wa sherehe.

Baada ya miswada yote kuingia kwenye baridi, likabaki la Mzee Sindano. Tulikaa kwenye ngazi tumechoka, tukajadiliana. Mmoja wetu alishauri tusimwambie kwanza mpaka tujue hasara ni kiasi gani. Mwingine akaona kwamba kitabu kilikuwa kibovu tangu mwanzo, kingetengenezwa tu kikarudishwa, na mzee asingejua lipi limetokana na maji na lipi limetokana na umri. Ulikuwa ushauri wa watu wenye nia njema, na nakiri ulitufariji sote. Bi Pumzi aliusikiliza, akakunja uso kama anapoona selotepu, akasema atakwenda kumwambia kesho asubuhi.

Alikwenda na viatu ambavyo bado havijakauka. Habari za huko kibandani alinisimulia yeye, na baadaye Mzee Sindano akanisimulia upya, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu watu wawili walinipa hadithi moja bila kupishana. Mzee alikuwa akishona. Alipomwona akaanza kumtania kuhusu gauni, akamwuliza safari hii amelifumua wapi. Bi Pumzi hakuketi.

"Baba, kitabu cha nyanya kimelowa," akamwambia. "Bomba limepasuka ofisini kwetu. Nilikuwa nimekupa neno langu, na kimelowa mikononi mwangu. Sijui bado kitapona kwa kiasi gani."

Mzee alikanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi. Akakunja ile nguo ya mteja vizuri, akaiweka pembeni, ndipo akauliza kitabu kiko wapi.

Bi Pumzi akalazimika kumwambia kuwa kiko kwenye friza la aiskrimu.

Anasema alikuwa tayari kwa matusi, kwa machozi, hata kwa kutupiwa mkasi. Mzee alivaa kofia yake, akafunga kibanda, akasema, "Twende nikamwone mgonjwa."

Dukani, mwenye duka alimfungulia friza. Mzee akaona mifuko imepangwa safu kwa safu, kila mmoja na kibandiko chake, na wake una neno "Mkunga" kwa wino mwekundu. Akaugusa kwa kidole, akaondoa kidole. Akapewa kiti na kikombe cha mwisho cha aiskrimu kilichokuwa kimesalia, akakila chote akilitazama friza. Kisha akamwuliza Bi Pumzi kazi inaanza lini, kwa sababu na yeye atakuwepo.

Na kweli alikuwepo. Alikuja na kigoda chake. Alipewa sehemu karibu na dirisha, akafundishwa kubana pumzi, na kuanzia hapo karakana haikujua tena utulivu. Kitabu kilitolewa kwenye baridi, kurasa zikaachanishwa moja moja, zikalazwa kati ya karatasi za kufyonza maji, zikageuzwa, zikabadilishiwa matandiko kama wagonjwa. Mzee alifuatilia kila hatua, na kila hatua alikuwa na la kusema. Ilipofika kushona mgongo, ndipo vita vilipoanza hasa. Aliuona uzi wa Bi Pumzi akacheka mpaka akashika mbavu. Alisema mshono ule hata kaptura ya mtoto haiwezi kuuvumilia asubuhi moja. Akajitolea kuleta uzi wake wa nailoni, ule wa kushonea mikoba.

Bi Pumzi alimwacha acheke hadi amalize. Kisha akachukua vipande viwili vya karatasi mbovu, akavishona kimoja kwa uzi wake na kingine kwa uzi wa mzee, akampa avivute. Uzi laini ulikatika, karatasi ikabaki nzima. Uzi wa nailoni ulibaki mzima, karatasi ikachanika kati kwa kati. Mzee akavigeuza geuza vile vipande, akakubali kwamba kumbe suruali na kitabu ni wateja wawili tofauti. Lakini hakusalimu amri kirahisi. Aliukagua mkono wa Bi Pumzi wa kupiga fundo, akamwambia mafundo yake yamekaa kama ya mtu aliyejifunza kwa barua, akamwonyesha la kwake, bapa, lisilouma karatasi. Fundo hilo ndilo linalotumika karakana mpaka leo.

Kitabu kilipona sehemu kubwa. Dawa zilibaki, majina ya watoto yalibaki, mashairi mengi yalibaki. Ila katikati kulikuwa na kurasa chache ambazo mkunga aliziandika kwa wino mwingine, dhaifu, pengine siku hiyo ule mzuri ulimwishia. Maji yaliuchukua. Palibaki mawingu ya rangi ya chai. Niliitwa na taa zangu maalumu, na kwa mara ya kwanza Bi Pumzi aliniomba mwanga badala ya kuniomba niondoke. Tulipata mistari michache iliyojificha. Mingine haikuonekana kabisa.

Mzee Sindano aliijua mistari ile. Nyanya yake alimwimbia alipokuwa mdogo. Akaikariri palepale, kwa sauti iliyotutoa sote kwenye shughuli zetu, kisha akamwomba Bi Pumzi aiandike upya kwenye kurasa zile zile, juu ya mawingu yale, kitabu kiwe kizima. Lilikuwa ombi dogo, tena la mtu tuliyemkosea. Mkono wa Bi Pumzi ni mzuri, na angeweza kuyaiga maandishi ya mkunga kiasi cha kumdanganya mtu yeyote.

Alikataa. Alimwambia kwa upole kwamba akiandika yeye juu ya karatasi ya nyanya, kesho mtu atausoma mkono wake akidhani ni wa nyanya, na hapo nyanya atakuwa amepotea mara mbili. Mzee akasema, kwa hasira iliyokuwa imengoja tangu ile Jumatatu, kwamba walioharibu ni wao, na sasa wanakataa kutengeneza. Akachukua kigoda chake akaenda zake.

Wiki zile zilikuwa ndefu. Bi Pumzi aliendelea kufanya kazi, lakini hata mimi niliacha kumchokoza. Tulijua kwamba mzee akienda kusema mtaani kuwa tulimharibia urithi wake, hakuna mtu atakayetufungulia sanduku tena. Bi Pumzi alilijua hilo kuliko sisi. Hata hivyo hakuligusa ombi lile. Alichofanya ni kukata karatasi mpya, nzuri, yenye ukubwa sawa na kurasa za kitabu, akaifunga, akampelekea mzee kibandani pamoja na kalamu. Akamwomba aiandike mistari ile yeye mwenyewe, kwa mkono wake, aweke jina lake na mwaka, na aseme ameipata kwa nani.

Mzee alimjibu kuwa mwandiko wake ni mbaya. Bi Pumzi akamwambia ndiyo uzuri wake, hakuna atakayedhani ni wa mkunga.

Alikaa na ile karatasi kwa muda. Kisha siku moja tukakiona kigoda kimerudi karibu na dirisha. Karatasi ilikuwa imejaa herufi kubwa zilizolala upande mmoja kama watu waliopanda gari linalokata kona, na chini yake jina lake, na jina la nyanya yake, na maneno haya: "Mimi niliimbiwa." Bi Pumzi alitengeneza kasha. Kitabu kikakaa upande mmoja, karatasi ya mzee upande wa pili, ndani ya jalada lake la peke yake. Mwezi uleule kasha lilibebwa hadi kibandani, kama alivyoahidi, na yeye ndiye aliyelibeba. Liko huko mpaka leo. Mara moja kila mwaka mzee hulileta likaguliwe, na kila mwaka hukagua mafundo.

Kilichofuata hatukukitarajia. Mzee Sindano ana mazungumzo, na mtu anayepimwa kiuno hana pa kukimbilia. Kila mteja alipewa habari nzima, kuanzia bomba hadi aiskrimu, na kila mara ikiishia na neno moja: yule mama alikuja mwenyewe kuniambia. Watu wakaanza kuja. Walikuja na makopo ya biskuti, na masanduku ya mabati, na mafurushi yaliyofungwa kwa kanga kuukuu. Wengine waliacha miswada yao, wengine waliomba tu itibiwe na kupigwa picha, wakaondoka nayo. Bi Pumzi aliwapokea wote sawasawa. Rafu zote za ukuta wa mashariki, ambazo watafiti sasa wanazifuata kutoka mbali, zimetokana na miaka hiyo, na katika rafu hizo mna vitabu vitatu zaidi vya wanawake.

Alipewa tuzo kwa kazi hiyo. Alikwenda kuipokea, akarudi, akaitumia kuzuia mlango wa karakana usijifunge. Tulipomwonya kuwa si heshima, alisema ina uzito unaofaa.

Wiki iliyopita nilipita karakana kumwuliza anataka kumaliza nini kabla ya Ijumaa, nikidhani nitaandika hapa habari ya mswada wake wa mwisho, uliokamilika siku ya mwisho, ikawa picha nzuri ya kufungia. Mezani palikuwa na kitabu cha safari za mfanyabiashara wa kale, kimeliwa na wadudu kikawa kama chujio, na yeye alikuwa akiyaziba matundu moja baada ya jingine kwa vipande vidogo kuliko punje ya ufuta. Nikamwambia akiongeza kasi kidogo atakimaliza. Akanitazama kama vile nimewasha taa zangu zote kwa pamoja.

Akaniambia kwamba kitabu kile hakijui kuwa yeye anastaafu. Kisha akamwita mhifadhi anayemrithi, mwenzake aliyefanya naye kazi meza kwa meza kwa miaka mingi, akamwonyesha alipofikia, katikati ya ukurasa, tundu hili tayari, hili bado. Akainuka kwenye kiti. Mwenzake akaketi, akanyoosha vidole, akaendelea na tundu lililofuata. Bi Pumzi alisimama nyuma yake kidogo, akaona mkono umekaa sawa, akaenda kunawa.

Bi Pumzi, ofisi nzima inakushukuru. Tunakushukuru kwa kurasa ulizotuokolea, na kwa watu uliotuletea kwa sababu tu uliwaambia ukweli. Tunamshukuru Shemeji kwa vitunguu, na watoto wenu kwa Jumapili zote tulizowaibia mama yao. Tunasikia una mpango wa kujifunza kuogelea, jambo ambalo limewashangaza wanaojua unavyoyachukia maji. Nenda ukaogelee. Nenda ukalale mchana na madirisha wazi, jua liingie lote, na gazeti ulitupe sakafuni usilikunje. Afya iwe yako, nyumba yako ijae vicheko, na siku zako ziwe nyingi na nyepesi. Na huko uendako, Mama, pumua utakavyo.